Shampuu ya zambarau: maswali mnayotuuliza saluni

Korosho zikishaanza kwenda mnadani, kuanzia Oktoba hivi, saluni yetu hapa Mtwara mjini haina kiti kitupu. Huyu anataka blichi, yule kanunua wigi la 613 (namba ya rangi ya blondi ya mpauko) na analitaka likae vizuri kwa harusi ya Masasi. Ikifika Februari wanarudi walewale, safari hii wamejifunga kitambaa: "Dada, mbona nywele zimekuwa njano hivi?" Mara nyingi dawa ni chupa moja ya shampuu ya zambarau, ila katika vitu vyote ninavyouza hakuna kinachotumiwa vibaya kama hicho. Maswali ya hapa chini ndiyo yanayoingia kwenye simu yangu kila wiki. Nimeyajibu kama ninavyomjibu mtu aliyekaa mbele ya kioo changu.

Shampuu ya zambarau ni kitu gani hasa?

Ni shampuu ya kuoshea nywele iliyotiwa rangi. Ukiosha, uchafu unatoka na rangi kidogo inabaki juu ya unywele. Haiingii ndani kama rangi ya kupaka inayochanganywa na peroksaidi. Inashika juu juu tu, na kila ukiosha inapungua.

Kama umekulia nyumba ambayo babu alivaa kanzu nyeupe kila Ijumaa, kazi yake unaijua tayari. Kanzu ikianza umanjano wa jasho, bibi alitia bluu kidogo kwenye maji ya kusuuzia. Ile bluu haikuung'oa umanjano, iliufunika, na jicho likaona weupe. Mkono ukizidi, kanzu ilitoka na mabaka ya buluu na babu akaenda msikitini huku ananung'unika. Shampuu ya zambarau inafanya mchezo uleule, pamoja na ile ajali ya mkono kuzidi.

Kwa hiyo inang'arisha nywele?

Hapana. Inaongeza rangi, na kitu kinachoongeza rangi hakiwezi kung'arisha. Tena mara nyingine nywele zinaonekana zimefifia kidogo baada ya kuosha. Mtu akikuambia amefika kwenye blondi kwa shampuu peke yake, muulize kabla ya hapo alipaka nini.

Nilitoka saluni nywele ziko safi. Huu umanjano umetoka wapi?

Haukutoka popote, ulikuwemo. Unywele mweusi una rangi ya asili inayoitwa melanini, na blichi inaivunja hatua kwa hatua. Weusi ndio unaotangulia kuondoka, wekundu na umanjano vinang'ang'ania. Ndiyo maana kichwa cheusi kikiwekwa blichi kinapita njia moja siku zote: hudhurungi yenye wekundu, kisha nyekundu, machungwa, njano iliyokolea, halafu njano ya mpauko. Mafundi wa rangi wanahesabu ngazi kutoka 1 mpaka 10, 1 ikiwa nyeusi tii na 10 blondi ya mpauko. Wengi wetu tunaanzia 1 au 2. Safari ni ndefu, na wengi wanashuka njiani, kwenye 6 au 7, palepale penye machungwa, kwa sababu nywele zimechoka au hela imekwisha. Yote mawili nayaelewa.

Siku ile uliyotoka saluni unang'aa, msusi wako alikuwa amepaka tona, ile rangi ya kuzima umanjano, juu yake. Tona ikaficha. Baada ya hapo likaja jua la Mtwara, shampuu kali, pasi ya nywele, maji ya chumvi. Tona ikaondoka taratibu, na kilichokuwa chini yake kikachungulia. Hakuna aliyekuibia, labda kama hukuambiwa mapema kwamba itatokea.

Kuna za zambarau, za bluu, nasikia hata za kijani. Nichukue ipi?

Swali hili ndilo la maana kuliko yote kwenye ukurasa huu, na ndilo watu wanaloliruka.

Kila rangi ina mwenzake anayeizima. Zambarau inazima njano. Bluu inazima machungwa. Kijani inazima nyekundu. Kwa hiyo kabla hujagusa chupa, lazima ujue nywele zako ni rangi gani leo, si rangi gani ulikusudia. Toka nje ukazitazame kwenye mwanga wa mchana, kivulini. Usiziamini chini ya taa, maana taa nyingi zina unjano wake.

Saluni yangu situmii ile chati ya karatasi. Natumia mabibo, yale matunda ya mkorosho, kila mtu wa huku anayajua. Nywele zikifanana na bibo la njano, chukua zambarau. Zikiwa njano ya mpauko zaidi, kama upande wa ndani wa ganda la ndizi, ni zambarau hiyohiyo ila kwa dakika chache. Zikiwa kama lile bibo lililoanza kuingia machungwa, zambarau haitakufaa, utaosha mpaka chupa iishe na utasema nimekuuzia feki. Hapo ni bluu. Na zikiwa bibo jekundu, ukweli ni kwamba bado hujafika kwenye ngazi za shampuu hizi. Za kijani zipo, zimetengenezwa kwa nywele za hudhurungi iliyokoza zenye wekundu usiotakiwa, lakini mimi siziweki dukani. Mteja wa bibo jekundu huwa namshauri achague moja: aupende wekundu wake, unapendeza kwenye ngozi nyingi za huku, au apake hudhurungi juu yake akapumzike.

Angalia pia usikosee upande wa pili. Bluu juu ya nywele za njano inaweza kukupa kijani, kama ulivyofundishwa shule ya msingi kuchanganya rangi. Nimeshampokea binti aliyefanya hivyo nyumbani. Alikuja na mtandio mzito saa saba mchana.

Na kama kichwa kimoja kina mabibo mawili, njano kwenye mizizi na machungwa kwenye ncha? Hilo ni jambo la kawaida sana. Gawa: zambarau juu, bluu chini, chupa mbili kwa siku moja. Au njoo nikufanyie.

Sijawahi kuweka blichi, nywele zangu ni nyeusi. Zitageuka zambarau?

Hazitageuka. Rangi hiyo haionekani juu ya weusi. Usipoteze hela.

Naitumiaje bila kuharibu?

Maelekezo ya kwenye chupa nyingi yameandikwa kwa mtu mwenye nywele nyororo anayeoga kwenye bomba la mvua kila asubuhi. Wewe una nywele za kipilipili, ndoo na kata. Basi fanya hivi.

Chambua nywele kwanza zikiwa na kondishena kidogo au mafuta, ili chanuo lipite. Osha kwa shampuu ya kawaida mara moja, mafuta na vumbi vitoke, kwa sababu rangi haishiki vizuri juu ya mafuta. Kamua maji kwa taulo mpaka yasichuruzike. Gawa kichwa mafungu manne au sita ubane kwa vibanio. Vaa glovu.

Sasa paka fungu moja moja kwa vidole, siyo kumimina utosini halafu kufikicha. Nywele zetu zimejikunja, povu la juu halifiki ndani, na matokeo yake ni mabaka. Anza pale umanjano ulipokolea. Ncha ziache mwisho kabisa. Ncha ndizo zilizochakaa zaidi, zimejaa vitundu, na zinanyonya rangi kama sifongo.

Mara ya kwanza usizidishe dakika mbili au tatu. Pangusa kishungi kimoja kwa taulo lenye maji utazame. Bado njano? Ongeza dakika moja, utazame tena. Dakika tano zinawatosha wengi. Zipo chupa zinazoruhusu zaidi ya hapo, lakini wewe bado hujazijua nywele zako. Suuza mpaka maji kwenye beseni yawe meupe, na hapo ndipo kata inapochosha, utatumia ndoo mbili au tatu. Malizia na kondishena ya kutosha, iache ikae.

Wenye dredi mkono uwe mwepesi zaidi na msuuze mara mbili ya wengine. Rangi inajificha katikati ya dredi, inakuja kutoka siku ya jasho, kwenye kola ya shati jeupe.

Kwa wiki niitumie mara ngapi?

Mara moja, inatosha. Kama unaosha nywele kila baada ya wiki mbili, itumie kila unapoosha, au mara moja kati ya mbili kama umanjano hauonekani. Hakuna ratiba ya dini hapa. Unatumia njano ikirudi, unaacha ikiwa haipo.

Nimeiacha muda mrefu, nywele zimekuwa zambarau. Nifanyeje?

Kwanza tulia, haikuingia ndani. Osha kwa shampuu ya kawaida, ile kali inayoondoa mafuta ndiyo nzuri kwa siku hiyo, maji yawe ya vuguvugu, kisha kondishena. Rudia kesho au keshokutwa. Wengi inawatoka kwa kuosha mara mbili mpaka nne. Usipake blichi juu yake kwa hasira, nywele zilizonyonya kiasi hicho zimekwisha kuwa dhaifu, zitakatika.

Mimi mwenyewe nimefanya kosa hili, na si kichwani kwangu. Nilikuwa bado najifunza kazi. Binti wa watu alikuwa kwenye beseni, harusi yake kesho yake, akaingia mteja mwingine kudai chenji. Tukabishana. Niliporudi zilikuwa zimepita dakika ishirini na ncha zilikuwa rangi ya ua la bilinganya. Tuliosha mpaka usiku. Picha za harusi ile zipo, ukizikuza utaona ncha zina ukungu wa kijivu. Siku hizi nikipaka mtu natega saa ya simu, na anayetaka chenji anasubiri.

Wigi langu la 613 limegeuka njano. Inafaa?

Inafaa sana, na kwa kweli nusu ya chupa ninazouza zinaishia kwenye mawigi. Ila kwanza hakikisha ni nywele za binadamu. Nyingi za sokoni zinaitwa za binadamu lakini ni plastiki. Nyofoa unywele mmoja, uunguze kwa kiberiti juu ya kisahani. Wa mtu unanuka kama manyoya ya kuku yanayobabuliwa na unabaki jivu linalosagika. Wa plastiki unayeyuka na kuacha punje ngumu. Plastiki haishiki shampuu hii, na hakuna namna ya kuilazimisha.

Wigi la nywele za watu halipakwi kama kichwa. Linachovywa. Jaza beseni maji ya kawaida yasiyo moto, tia shampuu vifuniko viwili, koroga mpaka maji yawe zambarau sawasawa bila uzi wa rangi uliojikusanya mahali. Lowesha wigi kwa maji matupu kwanza. Kisha lishike kwenye kofia yake, uzichovye nywele na kuzitoa, kuzichovya na kuzitoa, kama mtu anayesuuza mchicha. Tazama kila baada ya sekunde kumi au kumi na tano. Nywele za 613 zimeshapigwa blichi kali kiwandani, zinanyonya upesi kuliko chochote utakachokishika saluni. Ukisubiri dakika tano kama kichwani, umepata wigi jipya, la zambarau.

Lesi ya mbele isiguse maji yenye rangi, maana ikishika doa utaonekana una mpaka wa nchi kwenye paji la uso. Suuza, tia kondishena, lianike kivulini. Siyo juani kwenye kamba ya nguo. Jua ndilo lililolipa unjano.

Nina mvi. Shampuu hii ni ya vijana tu?

Wala. Wenye mvi waliuanza mchezo huu zamani. Kule Uingereza akina bibi walijulikana miaka mingi kwa kusuuza mvi zao kwa maji ya buluu, wengine wakizidisha mpaka kichwa kinakuwa samawati kabisa.

Mvi hazina melanini, kwa hiyo zinaonyesha kila kinachozigusa: moshi, jua, chumvi za maji, mafuta yenye rangi yake. Kuna bibi mmoja wa Mikindani huja kwangu kabla ya Idi. Mvi zake ni nyingi na nzuri, ila zilikuwa na unjano wa moshi, amepika kwa kuni na makumbi ya nazi maisha yake yote. Mara ya kwanza nilimwekea dakika moja na nusu tu. Alijitazama kwenye kioo muda mrefu, akasema, "Mwanangu, sasa nimezeeka vizuri." Kwa mvi ni dakika moja au mbili, na mara moja kwa wiki mbili inatosha.

Kama ungependa mvi zako zifanane na za bibi huyo lakini unapaka hina, soma swali linalofuata kwanza.

Nilipaka hina, nywele zimekuwa machungwa. Itaondoka kwa shampuu?

Haitaondoka. Hina ina rangi yake inayoitwa lawsoni, na hiyo inashikana na protini ya unywele kabisa, kama inavyoshika kwenye kucha mpaka kucha ikue ikatwe. Mvi zilizopakwa hina zinatoka machungwa yanayowaka, na zambarau juu yake ni bure. Shampuu ya bluu inapunguza ukali kidogo, yale machungwa yanaelekea kwenye hudhurungi, na siku chache baadaye yanarudi. Dawa ya kweli ni kungoja nywele zikue.

Hapa niseme jambo ambalo si la shampuu lakini linanikosesha usingizi. Hina halisi ni majani ya mhina yaliyosagwa, basi. Lakini kuna unga unaouzwa kwa jina la hina ukiwa umechanganywa na chumvi za madini ili utoe weusi au hudhurungi. Nywele zenye madini hayo zikikutana na blichi au peroksaidi zinaweza kupata moto, kufuka na kukatika palepale. Ukija kwangu kutaka blichi, nitakuuliza kuhusu hina, na tafadhali usinifiche kwa kuona haya. Nikiwa na shaka nakata kishungi kidogo sehemu isiyoonekana, nakiweka kwenye bakuli la plastiki na blichi, tunakitazama wote.

Na piko? Piko ni jambo jingine. Ile nyeusi inayoshika haraka mara nyingi ina PPD, kemikali iliyomo pia kwenye rangi nyeusi nyingi za nywele. Kama piko ilishawahi kukutoa malengelenge mkononi, niambie kabla sijakugusa kichwa na rangi yoyote.

Maji ya kisima yanaharibu rangi?

Yanaweza. Visima vingi karibu na pwani vina chumvi, utajua kwa sabuni kugoma kutoa povu. Shampuu nayo inagoma vilevile, unatumia nyingi na rangi inashika kwa mabaka. Maji yenye madini ya chuma, yale yanayoacha duara la kutu kwenye ndoo, yanazipa nywele za blichi rangi hiyohiyo ya kutu. Shaba kwenye maji inaleta ukijani, na hilo ndilo linalowapata wanaoogelea sana kwenye mabwawa ya hoteli.

Kama unaweza kuchagua, tumia maji ya mvua, angalau kwa kusuuza mwisho. Ndugu zetu wa Newala na Tandahimba, waliozoea kukinga maji ya mvua kwa sababu ya shida ya maji kule juu, wana bahati hiyo na hawaijui.

Wa kwenda kuogelea Shangani: lowesha nywele kwa maji baridi yasiyo na chumvi na upake kondishena kabla hujaingia baharini. Unywele ulioshiba maji matamu haunywi sana ya chumvi. Ukitoka, suuza siku hiyohiyo.

Naweza kutumia bluu ya kufulia? Au GV? Au ndimu?

Nilijua nimejitafutia nilipotaja kanzu ya babu.

Bluu ya kufulia ilitengenezwa kwa nguo. Haikupimwa kwa ngozi ya kichwa wala macho, na chembe zake zinatua kwa mabaka. GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda, inatia rangi kweli, tena sana. Tone moja likizidi unavaa kilemba wiki mbili, na siipendekezi kuwa kichwani kwako kila wiki. Kuna wanaoichanganya kwenye kondishena wakajisifu mtandaoni. Waulize wakuonyeshe mito yao ya kulalia.

Ndimu inafanya kinyume cha unachotaka. Ndimu na jua vinachubua rangi kidogo kidogo, kwa hiyo vinafunua umanjano zaidi na kukausha nywele juu yake. Iweke kwenye samaki.

Nywele zangu zina dawa na zina blichi. Itazikausha?

Zimeshakauka, dada yangu. Dawa ya kunyoosha na blichi kwenye unywele mmoja ni mizigo miwili kwa punda mmoja. Shampuu ya zambarau inaongeza ukavu kidogo kwa sababu ni sabuni kama nyingine. Usikae bila kondishena, weka stimingi mara moja kwa wiki mbili, na pasi iwe ya moto mdogo. Moto mkali peke yake unatosha kuzipa njano nywele za blichi.

Mafuta ya nazi ni mazuri, paka, ila chagua yaliyo meupe. Yale yaliyoungua jikoni yakawa hudhurungi, pamoja na mafuta ya mnyonyo meusi, yanaweza kuacha kivuli chake kwenye nywele za mpauko.

Vijana wa kiume wanaoweka blichi kwa kinyozi je?

Sheria ni zilezile, dakika ni chache zaidi. Tatizo lenu ni ngozi: nywele fupi, rangi inatua kichwani na kwenye masikio. Paka mafuta mazito pembezoni kabla ya kuanza. Na mkishanyoa upara baada ya wiki tatu, kama kawaida yenu, hamkuhitaji chupa nzima, nunueni moja mgawane.

Tona na shampuu hii vina tofauti gani?

Tona ya saluni nyingi inachanganywa na peroksaidi ya nguvu ndogo, inaingia kwenye unywele na kukaa wiki kadhaa. Shampuu inakaa juu na kudumu mpaka utakapoosha mara chache. Tona ni kupaka ukuta rangi, shampuu ni kuufuta vumbi kila wiki. Ukiruka tona ukategemea shampuu peke yake kwenye nywele zilizotoka kwenye blichi leo, utaishia kuiacha kichwani muda mrefu, na stori ya bilinganya umeshaisoma.

Inatia madoa?

Kucha, taulo nyeupe, sakafu ya saruji ya bafuni. Tumia taulo ya zamani, mwaga maji ya kutosha mara moja.

Nitajuaje kama ni halisi?

Kagua tarehe ya mwisho na uone kama maandishi yanasomeka. Tangu 2019 vipodozi nchini viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, kwa hiyo ukiwa na wasiwasi na bidhaa, hao ndio wa kuwauliza. Kisha soma viungo nyuma ya chupa. Shampuu ya kweli itataja rangi yenyewe, mara nyingi kwa jina kama Acid Violet 43 au namba CI 60730, au majina yanayoanza na Basic Violet. Kuna zinazotegemea chupa tu kuwa ya zambarau. Nyingine ndani ni zambarau hafifu ya kupendezesha macho, ukitia tone kwenye tishu nyeupe inaacha kivuli kama cha chai ya pili. Nzuri inaacha doa zito.

Usiiweke dirishani. Joto na jua vinaiua hata haijafunguliwa.

Inaweza kunidhuru?

Watu wengi haiwasumbui. Lakini mara ya kwanza pakaza kidogo nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani, suuza, subiri saa 48. Ikiwasha au kuvimba, acha. Kichwa kikiwa na kidonda au blichi ilikuunguza wiki hii, subiri ngozi ipone. Mama mjamzito, mwulize muuguzi wako wa kliniki kabla hujaniuliza mimi.

Nina harusi Jumamosi. Nije Ijumaa jioni?

Njoo Jumanne. Ikitoka vizuri, rangi itakuwepo mpaka Jumamosi ilimradi usioshe. Ikizidi, tuna Jumatano, Alhamisi na Ijumaa za kuosha. Na ukikuta nabishana na mtu kuhusu chenji, niite kwa sauti.